Rangi Hii Tuliinywa Utotoni

Wiki iliyopita ofisi ya walimu ilichangamka. Mwalimu mwenzetu, binti mdogo tu, alirudi kutoka likizo Dar es Salaam akiwa ameziba mwanya wake wa mbele, na kila mtu alikuwa na la kusema. Mmoja akasema amejiharibia, maana ule mwanya ndio uliokuwa uzuri wake. Mwingine akasema pesa yake, mdomo wake. Mzee wetu wa Kiswahili, ambaye hakosi methali, akafunga mjadala: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Watu wakacheka, kengele ikalia, tukaingia madarasani.

Mimi sikusema kitu. Lakini meno yangu sita ya mbele, ya juu, yamefunikwa kwa kompositi, dawa ya rangi ya jino, ileile iliyoziba mwanya wa yule binti. Huu ni mwaka wa nne, na wengi pale ofisini hawajui. Siku nzima nilifundisha nikiwa na jibu kifuani, na jioni nikaona niliandike.

Nimezaliwa Arumeru, mkoani Arusha, kijiji kisicho mbali na Maji ya Chai. Anayesafiri barabara ya Moshi kwenda Arusha analifahamu jina hilo, na pengine ameuona mto wenyewe, maji yake mekundu kama chai ya rangi iliyokolea majani. Watu wa mikoa mingine husema ukitaka kumjua mtu wa kwetu, mchekeshe. Meno yetu yana madoa ya njano na ya kahawia, mengine yanakaribia weusi, na kwa walioathirika zaidi yana vishimo kama ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua. Nilipokwenda Morogoro kusoma ualimu nilijifunza kucheka huku nimeinama, mkono mdomoni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nawasomea watoto wa darasa la pili hadithi, mmoja akanitazama kwa makini, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, meno yako yameshika kutu?" Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua. Nikamwambia ndiyo, kidogo, nikaendelea kusoma, ila nilisoma kurasa zilizobaki bila kufungua midomo sawasawa.

Kutu hiyo haikutokana na uchafu. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu ndilo tuliloambiwa maisha yetu yote: hampigi mswaki, mnakunywa pombe za ndizi, mnakula magadi kupita kiasi. Nikiwa na miaka 13 nilisugua meno kwa mkaa uliosagwa, halafu kwa jivu, halafu kwa kipande cha ndimu na chumvi, asubuhi na jioni, mpaka fizi zikatoka damu na maji baridi yakawa yananikata. Madoa hayakutikisika. Yasingetikisika, kwa sababu hayakuwa juu ya jino. Yalikuwa ndani yake.

Chanzo ni floraidi. Miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru yana madini hayo kwa wingi, na maji ya chemchemi na visima vyetu hupita humo kabla ya kutufikia. Rangi ya ule mto isimdanganye mtu: floraidi haionekani wala haina harufu, na ndoo ya maji meupe pee inaweza kuwa nayo tele. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Sisi tulizaliwa wakati kiwango cha muda kilichowekwa kwa maji ya vijijini tangu miaka ya 1970 kilikuwa miligramu 8. Baadaye kikashushwa hadi 4, na baada ya miaka mingi ndipo nchi ikafika kwenye 1.5. Katika dozi ndogo madini haya hulinda jino lisioze, ndiyo maana yamo kwenye dawa ya mswaki. Yakizidi wakati jino la mtoto bado linajengwa ndani ya taya, yanaivuruga enameli, lile tabaka gumu la nje, inaachwa na matundu madogo yasiyoonekana. Jino hutoka likiwa na weupe wa chaki. Kisha, miaka inavyokwenda, ule weupe hunywa rangi na kugeuka kahawia. Enameli ya meno ya mbele ya ukubwani hujengwa tangu mtoto akiwa mchanga hadi miaka minne au mitano hivi. Maana yake, mtu akikuuliza ulifanya nini mpaka meno yakawa hivyo, jibu la kweli ni kwamba ulikuwa hujafundishwa hata kushika kikombe.

Kuna habari moja ambayo nilipoisoma nilijisikia nimepata ndugu wa mbali. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno aitwaye Frederick McKay alifungua kazi Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Wenyeji wenyewe walisema ni kwa ajili ya kula nguruwe kupita kiasi, au maziwa mabovu, au maji yao. McKay alihangaika na jambo hilo miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji mwingine wenye meno ya namna ile, akakuta floraidi. Kwa hiyo Wamarekani nao walilaumu chakula na mwenendo wa watu mpaka maji yalipopimwa. Natamani bibi yangu angeipata habari hiyo. Alikufa akiamini ametulea vibaya.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na mkakasi wake. Mkakasi ni chombo kilichopambwa nje, ndani mti mtupu. Mimi kwangu mambo ni kinyume: ndani palikuwa pazima, kilichoharibika ni cha nje, na kiliharibiwa na kitu nisichokichagua. Mtu akivunjika mkono akafungwa plasta hatumwiti mwenye majivuno. Mtoto akizaliwa na mdomo sungura, tunawashukuru madaktari wanaoushona. Ila meno, sijui kwa nini, tunataka mtu avumilie. Na anayesema avumilie, mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kuziba mdomo kwa kiganja mbele ya darasa.

Hata hivyo si kila njia ya kutengeneza meno ni njema, na hapa ndipo nina neno la kusisitiza.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Ilikuwa safi, ina viyoyozi, na daktari alikuwa mchangamfu. Aliyaangalia meno yangu kama dakika tatu, akasema dawa yake ni moja: kuyasaga yote sita na kuyavika kofia za kauri. Nikauliza yanasagwa kiasi gani. Akageuza kompyuta anionyeshe picha. Niliona meno yaliyosagwa pande zote mpaka yakabaki vigingi vyembamba, kama vya kufungia mbuzi. Meno yangu hayakuwa na tundu hata moja, hayakuwahi kuniuma. Shida yao ilikuwa rangi tu. Nilikubali, aibu inaharakisha mtu, nikapewa tarehe na makadirio ya gharama, nikaanza kutafuta mkopo. Aliyeniokoa ni dada mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi la kusubiri, muuguzi wa hospitali nyingine, aliyeniuliza swali moja: "Hilo jino likishasagwa, linaota tena?"

Halioti. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatika inafunga, lakini enameli ikiondoka mwili hauna namna ya kutengeneza nyingine. Na kofia ya kauri, hata iwe nzuri namna gani, ina siku yake ya kubadilishwa, na kila inapobadilishwa kinachobaki chini ni kidogo zaidi. Nilikuwa na miaka 31. Ningekuwa nimejifunga kwa daktari maisha yangu yote kwa sababu ya rangi.

Daktari wa pili, mama mtu mzima, alinikalisha na kunisikiliza kwanza. Akaniambia kuna ngazi. Madoa mepesi, kama ya mdogo wangu wa kiume ambaye ana mawingu meupe tu, pengine yanatosha kusuguliwa kwa asidi kidogo iliyochanganywa na unga wa jiwe, au kung'arishwa kwa dawa, au kuachwa hivyohivyo. Yangu yalikuwa yamekolea mno kwa hayo, kwa hiyo akapendekeza kuyafunika kwa kompositi, kazi ambayo madaktari wenyewe huiita bondingi. Ni dawa ileile ya rangi ya jino inayozibia matundu: utomvu wa plastiki uliochanganywa na chembe laini sana za kioo. Haikati jino, au inalikwangua kidogo mno. Inaongeza juu.

Nilitaka kujua inashikaje, maana mimi ni mwalimu wa sayansi na siwezi kukaa bila kuuliza. Alinieleza hivi. Fundi hawezi kupiga plasta kwenye ukuta uliolainika kama kioo, lazima auchongechonge kwanza ili plasta ipate pa kung'ang'ania. Mwaka 1955 Mmarekani Michael Buonocore alionyesha kwamba hata kwa jino inawezekana. Viwandani walikuwa wakipaka asidi ya fosforasi kwenye chuma ili rangi ishike, yeye akaipaka kwenye enameli, ikatoboa vijitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na utomvu ukaingia humo na kukaukia humo. Miaka michache baadaye, 1962, Rafael Bowen akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya utomvu ambao ndio mama wa kompositi za leo. Shida ya watu wa kwetu ni kwamba enameli iliyokunywa floraidi ni sugu kwa asidi. Daktari alilijua hilo. Alikwangua juujuu kidogo sana na kuiacha asidi ikae muda mrefu kuliko kawaida. Ninawaambia ndugu zangu wa Meru na Kilimanjaro: mwulizeni daktari kama amewahi kufanya meno ya floraidi. Asiyelijua hilo ataibandika vizuri, na baada ya miezi michache mtaitema kwenye ugali.

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu na nusu, bila sindano ya ganzi. Kwanza alichagua rangi, jino likiwa bado lina mate, kwa sababu likikauka hupauka na kukudanganya. Nilikuwa nimeshika kile kibao chenye meno ya mfano nikanyoosha kidole kwenye jeupe kuliko yote. Akanipa kioo. "Angalia meno yako ya chini, mwalimu. Angalia na weupe wa macho yako. Hili litakuwa linapiga kelele mdomoni." Tukashuka hatua tatu hadi rangi ya tui la nazi. Namshukuru mpaka leo, maana naona picha za watu waliowekewa meno meupe kama vigae vya bafuni, yote sawa, hayana hata kivuli, na kitu cha kwanza unachokiona ni kazi ya fundi, mtu mwenyewe unamwona baadaye.

Aliweka pamba pande zote, akanivalisha plastiki ya kutanua midomo. Akapaka jeli ya buluu, ndiyo ile asidi. Akaosha kwa maji, akakausha kwa upepo, akanionyesha kwenye kioo: jino langu lilikuwa limefifia kama chaki ya ubaoni. Kisha kikafuata kimiminika chenye harufu ya rangi ya kucha, kwa brashi ndogo kuliko kijiti cha kiberiti, na taa ya buluu sekunde ishirini huku kifaa kikilia pii. Halafu ndipo ikaja kompositi yenyewe, laini kama udongo wa kufinyangia. Tabaka la kwanza lilikuwa zito, la kuziba ule ukahawia usichungulie. Juu yake akaweka jingine lenye uangavu kidogo, kwa sababu ncha ya jino la kweli inapitisha mwanga. Kila tabaka jembamba, milimita mbili kwenda chini, na kila tabaka taa. Alikuwa akilainisha kwa kijiko chembamba cha chuma, akirudi nyuma, akifinya jicho moja, akirudi tena. Nimewahi kumwona mama yangu akimalizia kinyago cha udongo namna ile. Mwisho alining'atisha karatasi ya buluu kuona wapi panagonga, akasugua kwa visahani vya msasa kuanzia ule mkali hadi ule mlaini unaong'arisha.

Kabla hajaanza aliniuliza jambo ambalo nataka yule binti wetu wa ofisini angeulizwa, kama hakuulizwa: "Huu mwanya tuufanyeje?" Nina mwanya mdogo, nimeurithi kwa mama yake baba. Kwetu Waswahili mwanya ni pambo. Wapo wanaousifu kwenye nyimbo na wapo wanaotamani kuuchongesha. Vitabu vya madaktari vya Ulaya vinauorodhesha kama kasoro ya kurekebishwa, na bondingi ni njia rahisi ya kuuziba. Nikasema uachwe. Simlaumu mwenzangu kwa kuuziba wake, mdomo ni wake. Ila nisingependa tufike mahali ambapo mtoto wa Tanga anaambiwa na picha za simu kwamba urithi wa bibi yake ni ugonjwa.

Haya, na matatizo yake niyaseme. Kompositi si jino. Haing'ariki ukiipaka dawa ya kung'arisha, rangi uliyochagua ndiyo hiyo. Inakunywa chai, kahawa na sigara polepole, hivyo kila mwaka narudi kung'arishwa. Ukipata miaka mitano hadi saba kabla ya kuibadilisha, umeitunza. Mwaka wa pili niliimega pembe ya jino moja kwa kuchana muwa kwa meno, jambo ambalo nilikuwa nimekatazwa waziwazi. Nilitetemeka njiani kurudi kwa daktari. Alikwangua kidogo, akapaka, akamulika, akaniruhusu baada ya dakika ishirini. Ingekuwa kofia ya kauri imepasuka, tungezungumza lugha nyingine. Ndiyo maana nasema nilichonunua si weupe tu. Nilinunua kitu kinachorekebishika, juu ya jino ambalo bado ni langu. Na kama kesho itapatikana dawa bora kuliko hii, chini yake nina jino la kuipokea.

Bei si ndogo. Mimi ilinigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja, nikalipa kwa awamu mbili. Hapo ndipo vishoka wanapopatia mlango. Mwaka jana jirani yangu aliniambia amepata mtu wa nusu bei anayekuja nyumbani na begi, anabandika meno yote sebuleni. Nilimsihi asikubali. Dawa ikilala juu ya fizi bila kusawazishwa, uchafu unajificha hapo, fizi inavimba, inatoka damu, na jino zima linaoza kimyakimya chini ya kifuniko cheupe. Daktari wa meno nchini anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumwuliza mtu usajili wake si utovu wa adabu.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko yote niliyoandika, na ndilo lililonifanya ninyamaze kwanza pale ofisini. Mimi nimefunika meno sita. Nyumbani, bomba lile lile linaendelea kujaza ndoo. Mama yangu aliamini kuchemsha maji kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haipandi na mvuke, inabaki sufuriani, na maji yakipungua yenyewe ndiyo yanakolea. Magadi tunayolainishia maharage na makande nayo yanaongeza, hapo waliotulaumu walikuwa na chembe ya ukweli. Na si meno peke yake. Katika vijiji vyetu wapo watu ambao mifupa imepinda kwa maji hayo, na wao hakuna kompositi ya kuwafunika.

Dawa za maji zipo, na si za miujiza. Kule Ngurdoto, hatua chache kutoka kwetu, kuna kituo cha serikali kilichofanya utafiti wa kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa namna maalumu, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo, na maji yakipita humo madini yananaswa. Nakuru, Kenya, ambako nako Bonde la Ufa limewatia watu rangi, wametumia njia hiyohiyo. Mkaa ule una muda wake, ukichoka lazima ubadilishwe, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Maji ya mvua, kwa upande wake, karibu hayana floraidi kabisa. Yanahitaji paa la bati, gata na tenki. Naamini halmashauri inayoweza kujenga jengo la ofisi inaweza kuweka gata na tenki kwenye kila shule ya msingi ya Arumeru, na zahanati ikamwambia kila mama mjamzito, kwa maneno mepesi, kwamba maji ya kupikia uji wa mtoto yasitoke bombani. Miaka mitano ya kwanza ya mtoto ndiyo inayoamua. Daktari wa meno anakuja baada ya hapo, kufunika.

Pesa yangu ya kwanza baada ya kumaliza deni la meno nilinunua tenki la lita 5,000, likawekwa nyuma ya nyumba ya mama. Mtoto wa dada yangu, anayelelewa pale, alikuwa na miaka mitatu. Tulichelewa kidogo, najua. Tangu hapo hanywi wala hapikiwi kwa maji mengine isipokuwa kiangazi kikiwa kirefu. Sasa ana saba. Meno yake ya chini yameshatoka, na ukiyaangalia juani yana mistari miembamba ya weupe wa chaki, basi. Jana nilimpigia mama simu nikamwuliza la juu limefikia wapi. Akasema la kushoto limechomoza, ncha tu, bado halijaonyesha rangi. Akamwita mtoto aje asemeshwe. Nikasikia anacheka, akaniambia, "Mama mdogo, linawasha."